Urafiki wa Tanzania na China: yanayosemwa na yaliyopo

"TAZARA tulipewa bure." Reli hii ya Tanzania na Zambia, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo. Mkataba wa nchi tatu, Zambia ikiwemo, ulisainiwa Beijing Septemba 1967, baada ya Benki ya Dunia na nchi za Magharibi kukataa kwa hoja kwamba reli hiyo haitalipa. China ilikopesha yuan milioni 988 bila riba, marejesho miaka 30. Kinachosahaulika ni gharama za ndani. Kibarua wa Mlimba, mji ulio kando ya reli hiyo, halipwi kwa yuan. Basi China ilileta bidhaa zake kwa mkopo, zikauzwa madukani Tanzania na Zambia, na shilingi na kwacha zilizopatikana zikalipia ujenzi. Aliyenunua bidhaa ya Kichina miaka ile alichangia tuta la reli pasipo kujua.

"Mkubwa ndiye hufaidi peke yake." Zambia ilipata njia ya kutoa shaba yake bila kupita Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ya Ian Smith na walowezi wake, na bandari ya Dar es Salaam ikapata mzigo. China nayo ilivuna New York: tarehe 25 Oktoba 1971 azimio 2758 liliirudishia kiti Umoja wa Mataifa kwa kura 76 dhidi ya 35. Tanzania, ikiwakilishwa na balozi Salim Ahmed Salim, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolipeleka azimio hilo.

"Reli ikishajengwa, urafiki utaiendesha." Kilomita 1,860 zilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, mwaka 2014/15 hazikufika hata 100,000. Vichwa vya treni vilipungua, na njia za kwenda bandari za kusini mwa Afrika zilipofunguka wenye mizigo walihama. Kuna pia suala la upana kati ya vyuma viwili vya reli, ambalo wanasiasa hulipita haraka. TAZARA ina milimita 1,067 ili ioane na reli ya Zambia, Reli ya Kati ya zamani ina 1,000, SGR, reli mpya ya kisasa, ina 1,435. Kwa tofauti ya milimita 67 tu, mzigo hufaulishwa (huhamishwa treni moja hadi nyingine) Kidatu, TAZARA inapokutana na Reli ya Kati, na kila ufaulishaji ni muda na fedha. Ukodishaji wa TAZARA wa miaka 30 kwa kampuni ya Kichina, uliosainiwa Septemba 2025 kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4, hauondoi tofauti hiyo.

"Ushuru ni sifuri, kwa hiyo soko li wazi." Hapa ndipo watu wanapoumia. Tangu 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo wa kibalozi, Tanzania ikiwemo. Lakini ushuru ni mlango mmoja. Afya ya mimea ni mlango mwingine. Parachichi la Njombe lina itifaki yake ya mwaka 2022, yaani makubaliano ya nchi hizi mbili juu ya masharti ya kuliingiza China. Shamba lisajiliwe, kituo cha kufungashia kisajiliwe, China iviidhinishe vyote viwili, kisha mzigo ukaguliwe na kupewa cheti na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Kosa la kawaida ni kujazia kontena kwa matunda ya jirani asiyesajiliwa: namba ya shamba kwenye boksi haisemi kweli tena. Mdudu wa karantini, yaani aliyepigwa marufuku kuingia nchini humo, akikutwa hai bandarini China, shehena yaweza kurudishwa au kuteketezwa. Na hata tunda safi, likikosa cheti cha uasili kinachothibitisha limetoka Tanzania, hutozwa ushuru wa kawaida.