Muziki wa tzolk'in: ambienti inayokwenda kwa kalenda ya siku 260

Tzolk'in ni hesabu ya siku 260 ya watu wa Maya wa Guatemala na kusini mwa Mexico. Jina hilo lilitungwa na wataalamu. Wak'iche' wa nyanda za juu za Guatemala huiita cholq'ij, nao bado wanaihesabu. Mtunza siku, ajq'ij, ndiye anayeulizwa siku ipi inafaa kwa tambiko au kwa jambo zito la nyumbani. Ambienti, jina lililoenezwa na mwanamuziki Mwingereza Brian Eno mwaka 1978, ni muziki wa sauti ndefu zinazosogea polepole, unaoweza kuusikiliza kwa makini au kuuacha ujaze chumba tu. Muziki wa tzolk'in ni ambienti ambayo mwendo wake unatoka kwenye hesabu hiyo. Kukibandika kipande jina la siku ya Kimaya hakutoshi.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba tzolk'in ni miezi 13 ya siku 20 kila mmoja. Sivyo. Fikiria magurudumu mawili yenye meno, moja la namba 1 hadi 13, jingine la majina 20, yakizunguka kwa pamoja. Siku ya kwanza ni 1 Imix, inafuata 2 Ik', 3 Ak'bal, mpaka 13 Ben. Hapo namba inarudi 1 lakini jina linasonga mbele: 1 Ix. Majina yanaishia 7 Ajaw, na Imix ikirudi inakuwa 8 Imix. 1 Imix haionekani tena hadi siku 260 zipite.

Kwenye muziki, tengeneza mzunguko mmoja wa mapigo 13 na mwingine wa mapigo 20, kila mmoja ukiwa na sauti mbili tatu tu na ukimya wa kutosha. Ianze yote kwa pamoja. Kwa mapigo 65 kwa dakika, itakutana tena baada ya dakika 4 kamili. Hiyo ni haraka mno kwa ambienti. Kila pigo likipewa sekunde 4, mkutano unakuja baada ya dakika 17 na sekunde 20, na kila pigo la katikati lina jozi yake isiyojirudia. Uzuri wote uko hapo.

Kinachoharibu mara nyingi ni urefu wa faili. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo mzunguko wa sekunde 13 unaweza kuwa wa 13.05, na baada ya mizunguko 20 umechelewa sekunde nzima. Tumia WAV, aina ya faili isiyoongeza ukimya huo. Mwangwi nao usiukate ukingoni mwa mzunguko, la sivyo utasikika mkwaruzo kila unaporudi. Uache umwagikie kwenye mzunguko unaofuata.

Majina 20 hugawanywa pia kwa pande nne kwa zamu: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, majina matano kila upande. Ngazi ya noti tano ikipewa ala nne tofauti inatosha kabisa.

Kuhusu ala, picha za ukutani za Bonampak, magofu ya Wamaya kusini mwa Mexico, za karibu mwaka 790, zinaonyesha mabaragumu marefu, manyanga, ngoma kubwa na magamba ya kobe. Kuna pia tunkul, gogo lililotobolewa ndani na kukatwa juu mwanya wa umbo la H, hivyo kubaki ndimi mbili zenye sauti mbili. Filimbi za mianzi zilizofungwa pamoja ni za milima ya Andes, si za Wamaya, ingawa zimejaa kwenye kazi za aina hii. Marimba ya Guatemala ina asili ya Afrika, hata jina lake tunalitambua, lakini Wamaya wameifanya yao kwa karne nyingi.

Ukitaja siku halisi kwenye kazi yako, angalia hesabu unayoifuata. Mfumo wa mwandishi Mmarekani José Argüelles, aliyetunga kalenda yake mwenyewe kutokana na tzolk'in, hauihesabu tarehe 29 Februari, kwa hiyo siku zake hazilingani na zinazotunzwa Guatemala. Na lile jiwe la jua, duara la kuchongwa lenye uso katikati linalopamba majalada mengi, ni la Waazteki, si la Wamaya.