Dola 200 za Gari la Umeme Texas na Ritani Yako ya Kodi

Mama mmoja mstaafu aliniwekea mezani notisi ya kuhuisha usajili wa gari lake, akagusa mstari mmoja kwa kidole. "Mwanangu, ada ya kawaida ya dola 50.75 naijua. Hizi 200 zimetoka wapi?" Ninawaandalia watu ritani hapa Texas, na wenye magari ya umeme huniuliza swali hili kuliko jingine lolote.

Texas hutoza kodi ya senti 20 kwa kila galoni ya petroli, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991. Robo ya makusanyo huenda shuleni na sehemu kubwa iliyobaki huenda barabarani. Anayechaji gari nyumbani hafiki kwenye pampu, na ndiyo maana kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 mwenye gari linalotumia umeme pekee hulipa dola 200 kila anapohuisha usajili wa mwaka, au dola 400 anaposajili gari jipya, kwa kuwa usajili huo wa kwanza ni wa miaka 2. Magari mseto ya petroli na umeme hayamo, wala pikipiki za umeme.

Kuchangia barabara ni haki. Ninachokipinga ni ada inayohesabu gari bila kuangalia safari zake. Dola 200 ni kodi ya galoni 1,000, na gari la petroli linalokwenda maili 25 kwa galoni lingehitaji kutembea maili 25,000 kwa mwaka ili kufikisha kiasi hicho. Mama yule haendi mbali: kanisani, dukani na kwa wajukuu, kama maili 5,000 hivi, ambazo kwa petroli zingemgharimu kodi ya jimbo ya dola 40 tu. Dereva wa teksi za mtandaoni anayetembea maili 50,000 angelipa 400, lakini naye anatozwa 200 zilezile. Oregon ina mpango wa OReGO tangu 2015, ambapo mtu hulipa takriban senti 2 kwa kila maili aliyoendesha. Naona huo ndio utaratibu wa haki.

Kwenye ritani ya serikali kuu wengi hukosea. Ada ya usajili wa gari binafsi hupunguza kodi pale tu inapokokotolewa kwa thamani ya gari, na hizi 200 hazikokotolewi hivyo. Dereva wa biashara anayetumia kiwango cha maili, yaani kudai kiasi maalumu kwa kila maili ya kazi (senti 70 kwa maili katika mwaka wa kodi 2025), asiziongeze kando, kwa sababu usajili umeshahesabiwa ndani ya kiwango hicho. Anayedai gharama halisi za gari badala ya kiwango hicho ataingiza sehemu ya kazi peke yake: ikiwa asilimia 80 ya maili zake ni za kazi, basi ni dola 160, mradi awe na stakabadhi na daftari la maili.

Mama yule hana biashara, nami nilimweleza wazi kwamba ritani yake haina pa kuziweka. Alivaa miwani, akatoa kitabu cha hundi.