devicechange: vitu tunavyoamini ndivyo sivyo

Cha kwanza ambacho wengi wanaamini: eventi ya `devicechange` (taarifa ambayo brauza inaitumia kodi ya saiti pale maiki, spika au kamera inapochomekwa au kuchomolewa) ikifika inakuja na jina la kifaa. Hapana bana. Kwa miaka imekuwa ikifika mikono mitupu, haisemi umechomeka hedseti ama umechomoa kamera, ni mtu kapiga hodi tu, we ndo unaamka kuangalia ni nani, yani unaita `enumerateDevices()` unapata listi mpya af unailinganisha na ya zamani. Watu wanasema waliodizaini walikuwa wavivu. Mi naona walipatia kabisa, maana ukituma mabadiliko peke yake (hiki kimeingia, kile kimetoka) halafu programu ikakosa ujumbe mmoja tu, listi yako imeharibika na itabaki hivyo mpaka mtu arifreshi, ila ukisoma listi nzima kila mara, hata ukikosa moja inayofuata inanyoosha kila kitu. Spesifikesheni ya sasa ya W3C (shirika linaloweka viwango vya wavuti) imeongeza `DeviceChangeEvent` yenye `devices`, na angalia walichoweka humo: listi nzima ya vifaa vilivyopo. Testi kwanza kabla hujaitegemea, si brauza zote zinayo.

Android walipita njia nyingine, `AudioDeviceCallback` yao (inayoipa programu taarifa za vifaa vya sauti) toka Android 6.0 inakutenganishia vilivyoongezwa na vilivyotoka. Ila hata wao, ukijisajili tu inakupa kwanza vyote vilivyopo, ili usianze gizani.

Eti kuchomeka mara moja ni eventi moja? Hedseti ya USB ina maiki na spika, hivyo ni vifaa viwili tayari, na Chrome kwenye Windows inaorodhesha pia `default` na `communications` (majina ya ziada ya kifaa kilekile kilichochaguliwa), kwa hiyo eventi zinaweza kuja mfululizo. Usichore menyu upya kwa kila moja, subiri milisekunde mia mbili hivi zitulie ndo usome. Na kumbuka `enumerateDevices()` ni asinkroni (jibu linakuja baadaye, sio papo hapo), ukiita mara mbili jibu jipya linaweza kufika kabla ya la zamani, sa usipolitupa la zamani mtumiaji anaona maiki aliyoshachomoa.

Majina matupu sio bagi (kosa la programu). `label`, yani jina la kifaa, inakuwa tupu mpaka mtumiaji akupe ruhusa ya maiki au kamera, na `deviceId`, yani namba ya kukitambulisha kifaa, inatofautiana kwa kila saiti, akifuta kuki inabadilika. Ni makusudi, wasingefanya hivyo kila saiti ingemtambua mtu kwa vifaa vyake.

Halafu hii ndo inawaponza watu wa simu za video: maiki ikichomolewa katikati ya maongezi wanakaa kusubiri `devicechange`. Sikiliza eventi ya `ended` kwenye traki yenyewe (mkondo wa sauti unaotoka kwenye hiyo maiki), hiyo ndo inayokwambia sauti unayoitumia sasa hivi imekufa. Na ukiizima traki mwenyewe kwa `stop()`, `ended` haiji, kwa hiyo usafi wa upande huo fanya papo hapo kwenye kodi yako.