Ibada ya sanamu, na jinsi mali inavyogeuka sanamu

Neno sanamu tumelichukua kwa Waarabu, ambao kwao sanam ni kinachoabudiwa. Kiswahili kimelipanua. Wale askari wa shaba kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta hapa Mombasa, ukumbusho wa Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nao twawaita sanamu, na hakuna anayewapigia magoti. Kwa hiyo umbo peke yake halitoshi. Ibada ya sanamu huanza pale mtu anapokiinamia kitu cha mikono yake na kukiomba riziki au kinga.

Kila nikipita kwa wachongaji wa Changamwe humkumbuka seremala wa Isaya, sura ya 44. Amekata mti mmoja. Nusu yake kaifanya kuni: kaokea mkate, kachomea nyama, kaota moto. Nusu iliyobaki kaichonga mungu, akaisujudia akiiomba imwokoe. Gogo ni lile lile! Fundi wa Changamwe humpiga twiga wake msasa, akamuuza, basi. Anajua nani kamtengeneza nani.

Qurani, katika Surat Al-Anbiyaa, inaleta hoja hiyo kupitia kwa Ibrahim. Aliyavunja masanamu ya watu wake akaliacha kubwa lao, na walipomhoji akawaambia wayaulize yenyewe, kama yanaweza kusema. Ndama wa dhahabu walioabudu Waisraeli naye yumo katika Biblia na Qurani. Kinachonigusa ni alikotoka: katika Kutoka 32, ni vipuli vilivyovuliwa masikioni mwa watu. Pambo lao wenyewe liliyeyushwa likawa bwana wao.

Toka hapo hadi kwenye mali ni hatua fupi. Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba tamaa ndiyo ibada ya sanamu. Hadithi, yaani usemi wa Mtume Muhammad, iliyopokewa na Bukhari inamtaja mtumwa wa dinari na dirhamu. Mtumwa: pwani hii yaujua uzito wa neno hilo. Ndivyo alivyo anayekopa ili arusi ya bintiye isemwe mtaa mzima, kisha akakosa usingizi miaka mitatu kwa deni. Ndivyo alivyo mwenye duka asiyejua wanawe wako darasa la ngapi. Hapana ubani wala kafara, lakini usingizi umetolewa, na watoto wametolewa. Naona hili ni zito kuliko la gogo, maana mwabudu gogo huonekana na jirani akamkanya. Huyu wa pili twampongeza.

Kuwa na mali ni jambo jingine kabisa. Mwanzo 13 yasema Abramu, ndiye huyo Ibrahim, alikuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu. Wachungaji wake walipogombana na wa Lutu, alimwambia mpwa wake achague nchi kwanza. Lutu akachagua bonde la Yordani lenye maji tele, na Abramu akachukua upande uliobaki.