Printa iliyogoma ghorofa ya kumi

Juzi nilikuwa natoa mafunzo ya usalama wa mitandao kwa wafanyakazi wa benki, tumefika kwa wadukuzi wa Korea Kaskazini, dada mmoja wa rasilimali watu akaniuliza, sasa kaka, mimi nashinda nafungua CV za watu hapa, Korea Kaskazini watanijulia wapi? Nikamwambia dada yangu, wewe ndo wanayeanza na wewe. Na siyo kutishana, ilishatokea.

Januari 2015 wafanyakazi wa Benki Kuu ya Bangladesh, pale Dhaka, waliletewa imeili na kijana anayejiita Rasel Ahlam, anaomba kazi kwa adabu zote, CV yangu ipo kwenye linki hii. Akapatikana wa kubonyeza. Kijana mwenyewe hayupo duniani, linki ina virusi, na FBI wanasema nyuma ya jina hilo ni kundi la Lazarus, wadukuzi wanaofanyia kazi serikali ya Korea Kaskazini.

Sasa watu wengi wanadhani mdukuzi akiingia leo hela inaondoka leo. Hawa walikaa mle ndani mwaka mzima. Mei 2015 zikafunguliwa akaunti kwenye tawi la benki ya RCBC mtaa wa Jupiter, Manila, Ufilipino, za kupokelea hela ya wizi, kila moja dola 500, zikalala miezi na miezi hazijaguswa, huku Dhaka wadukuzi wanahama kompyuta hadi kompyuta mpaka wakafika kwenye mfumo wa SWIFT. SWIFT kwa asiyejua haibebi hela, inabeba maagizo tu, toa kwangu peleka kule, kwa hiyo ukishaweza kuandika agizo kwa jina la benki basi wewe ndo benki.

Siku nayo waliipigia hesabu, Alhamisi usiku tarehe 4 Februari 2016, maana Bangladesh wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, New York wanapumzika Jumamosi na Jumapili, halafu Jumatatu Manila ni sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Maagizo 35 yakaenda Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, ambako Bangladesh inaweka dola zake, jumla karibu dola bilioni 1.

Kinachoniuma mimi kila nikiisimulia hii ni printa. Ilikuwa ghorofa ya 10, chumba chenye ulinzi, kazi yake kuchapa kila muamala usiku na mchana. Ijumaa asubuhi watu wa zamu wanakuta trei tupu. Wakaona ah, printa hizi, si zinagoma kila siku? Kumbe virusi ndo vimeinyamazisha. Walipokuja kuiwasha ikatema meseji za New York zinauliza, haya maagizo kweli ni ya kwenu? Kupiga huko, wikiendi imeshaingia.

Kilichowaokoa ni bahati jamani, siyo ulinzi. Neno Jupiter, la kwenye anwani ya lile tawi la Manila, lilifanana na jina la meli iliyowekewa vikwazo sababu ya Iran, maagizo mengi yakasimamishwa. Dola milioni 20 zilizotumwa Sri Lanka zilirudi kwa sababu kwenye jina la mpokeaji walikosea kuandika neno "Foundation". Ila milioni 81 zilipita, nyingi zikaingia kasino za Manila, ambazo wakati ule sheria ya utakatishaji fedha ya Ufilipino ilikuwa haizigusi. Gavana Atiur Rahman akajiuzulu mwezi Machi.

Na hizi hela siyo za mtu kununua gari, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kwamba wizi wa aina hii unalipia makombora na nyuklia. Siku hizi wadukuzi wa Korea Kaskazini wamekolea kwenye kripto, yaani sarafu za kidijitali, Februari 2025 FBI waliwataja kwenye wizi wa Bybit, soko la kripto, dola bilioni 1.5 kwa mpigo.

Yule dada nilimwomba mawili tu. CV zifunguliwe kwenye kompyuta iliyotengwa, isiyoshikana na mtandao wa benki. Na kitu chochote cha ofisi kikigoma karibu na sikukuu, hata iwe printa, hata iwe saa kumi alfajiri, nipigieni, nikija nikakuta ni karatasi tu imekwama sitawasema.