Hadhi ya msafiri wa mara kwa mara: ni nini, na inakupa nini?

Hadhi ni ngazi ambayo shirika la ndege humweka abiria anayelitumia sana. Ngazi hiyo huamua atahudumiwa vipi kuanzia kaunta ya mizigo hadi mlango wa ndege, hata kama tiketi yake ni ya daraja la kawaida.

Wengi huichanganya na maili, yaani pointi unazokusanya kwa kusafiri au kwa kutumia kadi ya benki. Maili ni za kutumia: unanunulia tiketi, zinaisha. Hadhi hupimwa kwa hesabu nyingine, na haishuki kwa sababu umetumia maili zako. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na maili laki mbili, nyingi zikitokana na kadi ya benki, na bado akasimama foleni ndefu kama kila mtu.

Tuchukue Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Hadhi yake huhesabiwa kwa alama ziitwazo XP. Silver inahitaji 100, Gold 180, Platinum 300. Nairobi hadi Amsterdam katika daraja la kawaida ni XP 10 kwenda na 10 kurudi. Katika daraja la biashara ni 30 na 30. Safari tano za kwenda na kurudi katika daraja la kawaida zinakufikisha Silver.

Alama hutolewa kwa kila ndege unayopanda, si kwa kila tiketi. Anayeanzia Dar es Salaam na kubadilisha ndege Nairobi huongeza XP 5 kila upande, hivyo safari yake nzima ni 30 badala ya 20. Usumbufu wa kuunganisha ndege una malipo yake.

Hapa ndipo watu hukosea: ukipanda ngazi, alama za ngazi hiyo hukatwa. Kutoka sifuri hadi Gold ni 280 (100 za Silver, kisha 180 za Gold), si 180. Zinazozidi hubaki kwako. Kisha una miezi 12 ya kutimiza tena kiwango. Ukishindwa, unashuka ngazi moja.

Faida yenye thamani zaidi, hasa kwa anayesafiri na bidhaa au zawadi za ukoo mzima, ni mzigo. Silver huongezewa begi moja la kilo 23 kwenye ndege za KLM na Air France, na begi la ziada la kulipia ni ghali. Kuna pia kaunta ya kipaumbele na kupanda ndege mapema. Launji, yaani ukumbi wa kupumzikia uwanjani, huanzia Gold, ambayo ndani ya SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege wenye Kenya Airways pia, hutambuliwa kama Elite Plus: unaingia na mgeni mmoja ambaye naye anasafiri na shirika la muungano siku hiyo. Lakini safari iwe ya kimataifa. Nairobi–Mombasa peke yake haikupi haki hiyo ya muungano.

Anayeruka mara mbili kwa mwaka asihangaike na haya. Anunue tiketi nafuu na alipie launji akiihitaji. Anayesafiri kila baada ya miezi miwili, achague mpango mmoja na aung'ang'anie. Alama zilizotawanyika katika mipango mitatu hazimpandishi popote.

Namba ya uanachama iwekwe wakati wa kununua tiketi, na jina la akaunti lifanane na la pasipoti. Likitofautiana, alama huenda zisiingie. Ukipewa kadi ya kupandia ndege, angalia kama hadhi yako imechapishwa. Kama haipo, mwombe mhudumu aiongeze kabla hujaondoka kaunta, kwa sababu wa mlangoni na wa launji huangalia karatasi hiyo. Itunze pamoja na namba ya tiketi yenye tarakimu 13 mpaka alama zionekane kwenye akaunti. Zisipoonekana, kadi na namba hiyo ndivyo utakavyodai navyo, na Flying Blue hupokea madai ndani ya miezi 6 tu.