Wembe wa Bei Rahisi na Ngozi Yako: Maswali na Majibu

Ukiingia supamaketi kubwa utakuta rafu nzima ya vifaa vya kunyolea: nyembe za kutupa, vishikio, mikebe ya povu, sabuni, brashi. Vingine bei yake ni ya kuokota tu, vingine vinatisha. Wengi huuliza kama vile vya bei ya chini vinafaa, au vitawaachia vipele.

Je, wembe wa bei ndogo hunyoa vibaya?

Si lazima. Chukua ule wembe bapa wenye makali pande mbili, unaofungwa kwenye kishikio cha chuma. Ni wa ukoo uleule ambao mvumbuzi King C. Gillette alipewa hataza yake (haki ya kumiliki uvumbuzi) Marekani mwaka 1904, na umbo lake halijabadilika sana. Kilichobadilika ni chuma: tangu miaka ya 1960 nyembe nyingi hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na makali hupakwa utando mwembamba sana wa tefloni, ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha, ili yateleze. Wembe huu ni wa bei rahisi kuliko kichwa chochote cha nyembe nyingi (kile cha kuchomeka kwenye kishikio, chenye nyembe kadhaa zilizopangwa pamoja), na makali yake hayana upungufu. Unachotakiwa ni mkono mwepesi: uulaze kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, uache uzito wa kishikio ufanye kazi, usikandamize. Siku za mwanzo utajikata kidogo.

Ninazozitilia shaka ni zile za plastiki za kutupa zenye wembe mmoja, zinazouzwa kwa pakiti. Ni nyepesi mno, kwa hiyo mtu hujikuta anabonyeza, na kubonyeza ndiko kunakochubua ngozi. Kama ndizo ulizo nazo, zitumie, lakini ukihisi tu kwamba inavuta badala ya kukata, itupe hapohapo.

Kichwa chenye nyembe tano si bora zaidi?

Kwa anayetaka shavu laini kama la mtoto, ndiyo. Kwa afya ya ngozi, jibu linategemea nywele zako.

Katika vichwa hivi wembe wa kwanza huuvuta unywele, na unaofuata huukata kabla haujarudi ndani. Unywele unabaki umekatwa chini kidogo ya uso wa ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka huenda asione shida yoyote. Mwenye nywele za kipilipili, ule unywele uliochongoka unapoota hujipinda, ukachoma ngozi kutoka ndani, au ukatoka kisha ukarudi kuingia pembeni. Mwili huuona kama mwiba. Hapo ndipo vinatokea vile vipele vya kidevuni na shingoni, vinavyowasha, vinavyotunga usaha, na vinavyoacha madoa meusi. Wengine hupata hata keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe.

Kwa mtu huyu, wembe mmoja wa bei ndogo unaweza kumfaa kuliko kichwa cha bei ghali. Anyoe kufuata nywele zinakolalia, asivute ngozi, asirudie palepale mara tatu nne akitafuta ulaini. Na vipele vikiwa tayari vimejaa, aache wembe kwa wiki kadhaa, atumie mashine ya umeme inayobakiza milimita moja hivi. Asivitumbue kwa kucha.

Povu la mkebe au sabuni na brashi?

Kabla ya yote mawili, maji. Unywele mkavu ni mgumu kukata. Ukilowa hunywa maji, huvimba na kulegea. Dakika mbili tatu za maji ya uvuguvugu, au kunyoa baada ya kuoga, zina faida kuliko krimu yoyote utakayouziwa. Kazi ya povu ni kuyashikilia maji hayo yasikauke na kuutelezesha wembe.

Povu la mkebe limejaa hewa na gesi, ila juu ya ndevu zilizolowa linatosha. Sabuni maalumu ya kunyolea hutoa povu zito linalokawia kukauka, na kipande kimoja hudumu miezi. Sabuni ya kuogea ni ya dharura tu, maana povu lake hukauka upesi na ngozi hubaki inakakamaa. Brashi ya nyuzi za bandia ni rahisi na hukauka haraka. (Zamani za Vita Kuu ya Kwanza, brashi za manyoya ya farasi zisizosafishwa vizuri ziliwaambukiza watu kimeta huko Uingereza na Marekani. Usiwe na hofu, hizo zimepita.)

Shingo inaniwaka moto kila nikinyoa. Ni wembe?

Pengine ni manukato. Bidhaa za bei ndogo na za bei kubwa, zote hutiwa marashi, na marashi ni chanzo cha kawaida cha mzio wa ngozi. Nunua isiyo na harufu. Dawa za kupaka baada ya kunyoa zenye spiriti nyingi nazo huchoma na kukausha; mafuta ya kawaida yasiyo na manukato yanatosha. Ukijikata, jiwe la shabu lililoloweshwa huzuia damu haraka.

Wembe mmoja niutumie mara ngapi?

Madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri kuubadilisha baada ya kunyoa mara 5 hadi 7. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walionyesha kwamba unywele, ambao ni laini kuliko chuma mara 50 hivi, bado unaweza kuyamegua makali unapopinda chini ya wembe. Hapa ndipo bei ndogo inaposhinda: wembe rahisi hukupa moyo wa kuutupa. Wa bei ghali mtu huubembeleza mpaka umchubue. Suuza, kung'uta, weka pakavu, si kwenye ukingo wa bafu.

Tunaweza kutumia mmoja na ndugu yangu?

Hapana, hata kama ni pacha wako. Tone la damu lisiloonekana linatosha, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kusuuza kwa maji hakuviondoi.

Nani amwone daktari?

Mwenye wekundu unaosambaa, maumivu, usaha usiokoma au homa. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye historia ya keloidi aombe ushauri kabla ya kuzoea wembe, kwani mashine ya umeme huenda ikamfaa zaidi.

Ni kweli kunyoa kunanenepesha ndevu?

Si kweli. Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1928: kunyoa hakukubadilisha unene wala kasi ya kuota. Unywele ambao haujakatwa una ncha nyembamba. Uliokatwa una ncha butu, na ndiyo maana unaupapasa ukadhani umenenepa.